LVN kwanza, RN moja kwa moja, au vyeti vya nyumbani: njia ipi ya leseni ya unesi Texas inakufaa wewe?

Kila shughuli ya Wabongo hapa Houston, iwe msiba iwe sendofu, kabla pilau halijapoa lazima kuna mtu atavuta kiti karibu na mimi aniambie "dada, na mimi nataka kuacha boksi niingie unesi, naanzia wapi?" Na mimi badala ya kumtajia shule namuuliza una makaratasi gani, ulisoma mpaka wapi, watoto unamwachia nani, basi anaona kama namzungusha. Simzungushi, ni kwamba Texas kuna milango kadhaa ya kuipata leseni na kila mlango una foleni yake, sasa mtu akikutajia tu ule aliopitia yeye anaweza kukupotezea miaka miwili bila hata nia mbaya.

Kwanza tusafishe majina maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. CNA (Certified Nursing Assistant), hii ya kuogesha wazee na kugeuza wagonjwa, siyo leseni ya unesi. Ni kozi ya masaa 100 tu kwa Texas, 60 darasani na 40 kwa vitendo, unafanya mtihani unaingizwa kwenye rejista, basi. Ni nzuri kwa kuonja kazi kabla hujajifunga nayo. Leseni za unesi za kuanzia ni mbili, LVN (Licensed Vocational Nurse) na RN (Registered Nurse), na zote zinatolewa na Texas Board of Nursing iliyoko Austin. LVN ni kitu kilekile ambacho majimbo mengine wanaita LPN, ni Texas na California tu ndo wana jina lao.

Sasa mimi nalinganisha kwa vitu vitano na kila njia nitaipitisha humohumo ili nisipendelee ile niliyopita mimi: mlango wa kuingilia (wanataka nini kabla hawajakupokea), muda wa kweli, hela, leseni inakupa nini ukishaishika, na maisha yako kwa kipindi hicho yatakuwaje. Nikisema muda wa kweli simaanishi ule wa kwenye kipeperushi cha shule, namaanisha kuanzia leo unaposoma hapa mpaka siku jina lako linaonekana kwenye tovuti ya Board. Kuna shule inakwambia miezi 12 lakini kuipata nafasi tu imekula mwaka.

LVN kwanza

Mlango wake ndo mpana kuliko yote. Unatakiwa uwe na cheti cha sekondari kinachotambulika au GED (mtihani wa Marekani unaosimama badala ya cheti cha sekondari), unafanya mtihani wa kuingilia ambao kwa shule nyingi ni TEAS au HESI, chanjo, alama za vidole, kadi ya CPR, na masomo ya awali ni machache au hakuna kabisa kutegemea na shule. Ndugu zetu wa Congo waliokuja kama wakimbizi, na Texas wapo wengi, Fort Worth, Abilene, hapa Houston, wengi wao vyeti vilibaki njiani au viko kwa Kifaransa na shule iliyovitoa haijulikani ilipo, basi wanaanzia GED na kweli inafanya kazi, nimefanya kazi na mama mmoja wa Bukavu aliyeanza hivyo.

Muda: sheria ya Texas inataka programu ya LVN isipungue masaa 1,398, yaani 558 darasani na 840 kliniki. Ukisoma kutwa ni kama mwaka, ukichukua ya jioni na wikiendi inaweza kufika mwaka na nusu. Huwezi kukatiza hayo masaa, akitokea mtu anakwambia ana shule ya LVN ya miezi minne kimbia.

Hela hapa inategemea sana umeingia wapi. Komyuniti koleji na shule ya binafsi zinaweza kukupa leseni ileile kabisa lakini bei zikapishana mara tatu na zaidi, tatizo ni kwamba ya binafsi inakupokea wiki ijayo na komyuniti koleji inakwambia subiri. Kama una grinikadi au uraia jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, kabla hujasaini chochote, Pell Grant kwa mwaka wa masomo 2025-26 inafika mpaka dola 7,395 na hiyo siyo mkopo hurudishi.

Leseni inakupa nini: LVN anafanya kazi chini ya RN au daktari, anatoa dawa, anafunga vidonda, anaangalia tatizo lililopo mbele yake na kuripoti, ila ile tathmini kamili ya mgonjwa mpya na kupanga mpango mzima wa matibabu ya kiuguzi ni ya RN. Kazi nyingi ziko nasingi homu, majumbani kwa wagonjwa, kliniki, dayalisisi, magereza. Hospitali kubwa zinachukua wachache. Mshahara, nikitumia takwimu za serikali za mwaka 2024 kwa Marekani nzima, mtu wa katikati kwa CNA ni kama dola 39,500 kwa mwaka, LPN/LVN kama 62,300, RN kama 93,600. Kwahiyo kutoka CNA kwenda LVN ni ngazi kubwa sana kwa mwaka mmoja wa shida.

Maisha: mimi ndo nilipita huku. Darasa saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, naingia shifti ya jioni saa tisa na nusu na vyumba nane vya wazee, narudi saa sita usiku na barabara ya I-45, daftari la famakolojia liko kwenye siti ya abiria nalisoma kwenye taa nyekundu (usifanye hivyo). Inawezekana lakini ni mwaka wa kutoonana na watu. Na kuna mtego hakuna anayekwambia: ukishaonja ovataimu ya LVN kurudi darasani kutafuta RN kunauma. Njia ya kuunganisha LVN kwenda RN ipo na inakupunguzia muhula mmoja au miwili, ila masomo ya awali ya sayansi bado unayadaiwa, na NCLEX, ule mtihani wa leseni, unaifanya mara mbili, ya PN halafu ya RN, ada mara mbili, presha mara mbili. Nina rafiki zangu ambao wamekuwa "muhula ujao narudi" tangu mtoto wao yuko chekechea, sasa hivi mtoto anaendesha gari.

RN moja kwa moja

Hapa ndani kuna vyumba viwili, ADN, digrii ndogo (associate) ya komyuniti koleji, na BSN, digrii kamili (bachelor) ya chuo kikuu, na kitu cha kwanza ujue ni kwamba mtihani ni uleule NCLEX-RN na leseni ni ileile RN. Tofauti utaiona kwa mwajiri.

Mlango ni mwembamba. Kabla hujaomba unatakiwa umalize masomo ya awali, anatomia na fiziolojia 1 na 2, maikrobaiolojia, saikolojia, Kiingereza, na siyo kupasi tu, unashindana. Shule inapanga watu kwa pointi za GPA (wastani wa alama) na HESI au TEAS, mwenye B za sayansi anaweza kuachwa nje akachukuliwa mwenye A. Na shule nyingi hazikubali sayansi iliyozidi miaka mitano, sasa wewe uliyesoma anatomia 2014 ukaacha kwa sababu ya ujauzito, jua unairudia.

Muda: ADN inaandikwa miaka miwili, ongeza masomo ya awali mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu kama unafanya kazi, ongeza foleni. Miaka mitatu na kitu ndo hesabu ya kweli. BSN ni minne, na kama tayari una digrii ya kitu kingine, hata ya Mlimani au Makerere baada ya kufanyiwa tathmini, kuna BSN za haraka za mwaka mmoja hivi mpaka mwaka na nusu, ila hizo ni moto, usitegemee kufanya kazi.

Hela: ADN ya komyuniti koleji, Houston Community College, San Jacinto, Lone Star, na kule Dallas-Fort Worth mna Dallas College na Tarrant County, ndo bei nafuu kuliko zote kwa leseni ya RN. Ila angalia unaishi upande gani wa mstari. Mkazi wa ndani ya wilaya ya koleji analipa kidogo, wa nje ya wilaya anazidishiwa, na mgeni wa jimbo au mwanafunzi wa viza analipa zaidi ya wote. Ukazi wa Texas unahesabiwa baada ya miezi 12 ya kuishi hapa, kuna watu wanahama apatimenti kwa ajili ya hii tu na wanafanya hesabu sahihi.

Leseni inakupa: wodi, ICU, chumba cha upasuaji, kazi za kusafiri, kila kitu. Hospitali kubwa za Texas Medical Center zinapenda BSN, wengine wanakuchukua na ADN kwa masharti kwamba umalize BSN ndani ya miaka kadhaa, na hiyo unaimalizia onlaini huku unapokea mshahara wa RN, UT Arlington ni maarufu kwa hilo. Kwahiyo ADN halafu BSN ya mtandaoni ni njia ya watu wengi wenye majukumu.

Maisha: kliniki inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na huchagui siku. Hapo ndo wazazi wanakwama, siyo darasani. Kama hujapata mtu wa kumwachia mtoto saa kumi na moja alfajiri, tatizo lako la kwanza siyo HESI.

Kwa wenye F-1, viza ya mwanafunzi: unaruhusiwa kusoma kama shule ina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, lakini Pell hupati na kazi ya nje ya chuo huruhusiwi kufanya hivihivi, kwahiyo hadithi yangu ya darasa mchana na nasingi homu jioni usiiige, itakuharibia makaratasi.

Vyeti vya nyumbani

Hii ni ya waliosomea unesi Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Na niseme mapema, ofisa tabibu siyo nesi, najua nyumbani ulikuwa unaandika dawa na manesi wanakusikiliza, ila Board inaangalia umesomea unesi au hukusomea, kwahiyo kwa leseni hii unaanza upya. Inauma, nimeona mtu mzima analia kwa hili.

Mlango: elimu yako inafanyiwa tathmini, wengi wanatumia CGFNS, shirika la Marekani linalotathmini vyeti vya manesi wa nje, ambao siku hizi wanajiita TruMerit. Wanaangalia kama ulisoma nadharia na vitendo kwenye maeneo yote, watu wazima (magonjwa ya ndani na upasuaji), uzazi, watoto, na afya ya akili. Diploma au digrii ya unesi ndo inakupa nafasi ya RN. Mwenye ngazi ya cheti asitegemee itasomeka RN, ategemee LVN. Pengo likionekana, mara nyingi ni masaa ya watoto au afya ya akili, unaambiwa ukalizibe kwa kozi.

Muda ndo kitendawili. Karatasi hubebi wewe mkononi. Chuo kinatuma chenyewe, Baraza la Uuguzi na Ukunga linathibitisha leseni lenyewe, Kenya vivyo hivyo Nursing Council. Wewe uko Houston unasubiri mtu wa masijala afungue kabati. Kuna dada mmoja cheti cha sekondari kimeandikwa Mwanaidi, cha unesi Mwanahidi, pasipoti ina jina la mume, herufi moja tu ile ya "h" na ndoa yake zilimla miezi saba ya viapo na barua. Kabla hujalipa ada yoyote tandaza karatasi zako zote mezani usome majina herufi kwa herufi, na mtafute ndugu anayeweza kwenda chuoni mwenyewe kwa miguu, simu hazitoshi.

Hela ni ndogo ukilinganisha na ada ya shule. Tathmini, mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL ukidaiwa, maombi ya Board, NCLEX. Ukifanyia NCLEX nje ya Marekani kuna dola 150 za ziada juu ya 200. Kama uko bado nyumbani na unataka mwajiri akuvute, hapo kuna kitu cha pili kinaitwa VisaScreen, uhakiki wa vyeti vyako kwa ajili ya viza, halafu mwajiri anakuombea grinikadi ya EB-3 (ya kupitia ajira), halafu unakaa unaangalia Visa Bulletin, tangazo la serikali la foleni ya viza, kila mwezi, na hiyo foleni inaweza kuchukua miaka hata kama NCLEX ulipasi kwa swali la 85. Soma mkataba wa wakala vizuri hasa ile sehemu ya faini ukiondoka kabla ya muda.

Leseni: ni RN kamili, hakuna daraja la pili la waliosoma Muhimbili. Ila kama umekaa zaidi ya miaka minne bila kufanya unesi, Board itataka kozi ya kujinoa kwanza. Ndo maana namwambia kila aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi aanze tathmini kabla hajapanda ndege, asije akasema "nipige boksi kidogo nitulie," hiyo "kidogo" ndo inayokula miaka minne.

Maisha: huhitaji darasa, unaweza kufanya kazi kama una kibali, unasoma NCLEX usiku. Ugumu wake ni wa moyo. Ulikuwa sista wa wodi, sasa unafundishwa kutandika kitanda na binti wa miaka 19.

Vitu ambavyo hukwepi njia yoyote

NCLEX ni dola 200 kwa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, maswali kati ya 85 na 150, masaa matano, na kompyuta inakupimia yenyewe, ukijibu sawa linakuja gumu zaidi. Wanakuskani kiganja cha mkono, saa unavua, leso wanaikagua. Mimi skrini ilizima kwenye 85 nikabaki nimekaa tu mpaka yule mama wa mapokezi akanigusa bega. Ukifeli unasubiri siku 45. Na Texas wana saa yao ya ukutani, mhitimu akipitisha miaka minne tangu amalize shule bila kupasi anarudi kusoma upya, kwahiyo usimalize mwezi wa tano ukaenda likizo Dar mpaka Januari.

Kuna mtihani wa pili wa sheria za unesi za Texas, unafanyia onlaini na hauna ada, watu wanaudharau halafu unawachelewesha. Alama za vidole kwa DPS (polisi wa jimbo) na FBI. Ukipata leseni unaihuisha kila miaka miwili na masaa 20 ya mafunzo.

Na shule yoyote ile, kabla hujatoa hata dola ya fomu, nenda tovuti ya Board uangalie kama imeidhinishwa na wanafunzi wake wanapasi NCLEX kwa asilimia ngapi mara ya kwanza. Texas wanataka isipungue 80. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya diploma feki zaidi ya 7,600 zilizouzwa kupitia shule za Florida, watu walilipa kati ya dola 10,000 na 15,000, wengine wakapasi NCLEX kabisa wakaajiriwa, baadaye majimbo yakaanza kuwafuata, Texas ikiwemo. Ile hela ingelipia ADN ya komyuniti koleji na chenji ikabaki.

Faida ya Texas ni kwamba iko kwenye mkataba wa majimbo, ukiishi hapa leseni yako inaweza kufanya kazi majimbo zaidi ya 40 bila kuomba upya, LVN na RN wote. Ila California, New York na Minnesota hawamo, nyie mnaopanga kuhamia Minneapolis kwa shangazi mjue.

Sasa wewe uko wapi

Kama una diploma ya unesi na makaratasi ya kufanya kazi, sioni kwanini uanze LVN, peleka tathmini hata kama roho inakwambia ni mlolongo, na wakati unasubiri fanya CNA ulipe bili.

Kama una bili za sasa hivi, watoto wawili, hujawahi kusoma sayansi hapa na unahitaji mshahara kupanda ndani ya mwaka na nusu, LVN ya komyuniti koleji au ya jioni inakufaa. Ila chukua somo moja la sayansi kila muhula ukishaanza kazi, usingoje.

Kama uko chini ya miaka 25, unakaa kwa wazazi na una Pell, nenda ADN au BSN moja kwa moja, usikubali kuambiwa "anza kidogokidogo" na watu ambao hawalipi kodi ya nyumba yako.

Kama una digrii nyingine na mwenza anayeweza kubeba nyumba mwaka mzima, angalia BSN ya haraka. Bila huyo mwenza, ADN.

Kama uko F-1, piga hesabu ya ada ya mgeni kwa miaka yote mpaka mwisho, siyo muhula wa kwanza, na ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kubadilisha shule.

Na kama una kesi yoyote ya nyuma, hata ile ya kuendesha umekunywa ambayo wakili alikwambia imeisha, Texas wana fomu inaitwa Declaratory Order, unaipeleka Board kabla hujaanza shule wanakwambia mapema kama watakuruhusu. Inachukua muda na inalipiwa, lakini ipeleke kabla ya ada.